Kupiga picha vitu vya kioo na kuutawala mng'ao wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudiwa na watu wanaouza mtandaoni marashi, asali, glasi, taa za chemli na vyombo vya kioo, na wengine wanaotaka tu picha ya miwani au ya fremu ya ukutani isiyo na doa jeupe katikati. Yamepangwa kuanzia ya msingi. Mwenye haraka aanze na swali la 1 na la 6, kwa sababu majibu mengi yanayofuata yanayategemea hayo mawili.

## Misingi

1. Kwa nini kitenge au mkoba wa ukindu unatoka vizuri, lakini glasi ikiwekwa palepale, kwa taa ileile, inatoka vibaya?

Kitenge hutawanya mwanga pande zote, kwa hiyo popote utakaposimama utaiona rangi yake. Kioo laini hakitawanyi. Mwanga ukigonga kioo huondoka kwa pembe ileile uliyoingilia, kama mpira unavyodunda ukutani. Maana yake ni kwamba unapoiangalia chupa unaona vitu viwili kwa pamoja: kilicho nyuma yake, na taswira ya vilivyo mbele na pembeni yake. Dirisha, balbu, shati lako, vyote vimo.

Kioo cha kawaida kinachotazamwa moja kwa moja hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake. Ni kidogo, lakini balbu ina mwanga mkali kiasi kwamba asilimia 4 yake inatosha kuunguza sehemu ya picha. Ukikitazama kioo kwa mshazari mkali, kiasi kinachorudi huongezeka sana, na ndiyo maana kingo za chupa ya mviringo hung'aa kuliko tumbo lake.

Kwa hiyo usihangaike kuimulika glasi. Panga kile ambacho glasi inakiona.

2. Basi lengo ni kuondoa mng'ao wote?

Hapana. Chupa isiyo na mng'ao hata kidogo huonekana kama plastiki, au kama picha iliyokatwa kwa mkasi. Kinachotakiwa ni mng'ao ulioutaka mwenyewe: mstari mmoja mrefu upande mmoja wa chupa, pengine na mwembamba zaidi upande wa pili, wenye kingo zinazofifia taratibu. Vinavyoharibu picha ni vidoadoa vya balbu, taswira ya dirisha lenye nondo, na uso wa mpiga picha.

3. Ni lazima niwe na kamera kubwa?

Simu inatosha kwa biashara nyingi. Pesa itumike kwanza kwenye stendi ya simu, manila mbili nyeupe na mbili nyeusi, tresing pepa (karatasi nyeupe inayopitisha mwanga bila kuonyesha vizuri kilicho nyuma yake) ya ukubwa wa A2 au zaidi, kipande cha mahameli nyeusi, na taa moja inayoweza kusogezwa.

Ukiwa na simu, rudi nyuma kidogo na utumie lenzi ya 2x au 3x kama ipo. Lenzi pana ya karibu huvimbisha shingo ya chupa na hukulazimisha kusimama karibu mno, hadi wewe mwenyewe unakuwa sehemu ya taswira. Gusa skrini na ushikilie kidole kwenye lebo ili fokasi na mwangaza vifungwe, kisha punguza mwangaza kidogo. Sehemu ya picha iliyoungua kwa weupe hairudi tena kwa programu yoyote, lakini iliyofifia kidogo inaweza kuinuliwa.

Mwenye kamera aanze na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi la f/8 hadi f/11, na aiweke kwenye stendi.

4. Na flashi ya simu?

Izime.

## Mwanga

5. Dirisha linatosha, au ninunue taa?

Dirisha ni taa nzuri mno, mradi jua lisiingie moja kwa moja. Shida ya madirisha yetu ni nondo. Ukiweka chupa karibu na dirisha, utaona vijistari vyeusi vimejichora kwenye ubavu wake, na mara nyingi mtu hugundua akiwa ameshapandisha picha. Funika dirisha lote kwa tresing pepa au shuka jeupe lisilo na maua. Chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili kinafaa pia, ila kisiwe karibu sana na chupa, maana vitundu vyake vitaonekana.

Angalia na rangi za chumbani. Pazia la kijani au kanga nyekundu iliyotundikwa mlangoni hupaka glasi rangi ambayo hutajua imetoka wapi. Funga mapazia mengine, zima taa za darini, baki na chanzo kimoja cha mwanga.

6. Nina softiboksi (boksi la kitambaa cheupe linalovalishwa taa), mbona bado naona mraba mweupe wenye kingo kali kwenye chupa?

Kwa sababu chupa inaliona softiboksi lenyewe, na softiboksi ni mraba mweupe. Weka tresing pepa kati ya taa na chupa. Ikaribie chupa, lakini isionekane kwenye fremu. Halafu irudishe taa nyuma ya karatasi na uielekeze upande mmoja wa karatasi badala ya katikati. Karatasi sasa ina mwanga mkali upande mmoja unaofifia kuelekea wa pili, na ndivyo chupa itakavyouonyesha: mng'ao unaoanza mweupe na kuyeyuka polepole.

Umbali kati ya taa na karatasi ndio usukani wako. Taa ikigusana na karatasi unapata doa. Ikirudi nyuma, mwanga unatandazwa. Cheza na umbali huo kabla ya kununua kifaa kingine chochote. Nimeona watu wakinunua taa ya tatu kwa tatizo ambalo karatasi moja ingelimaliza.

7. Glasi tupu kwenye mandhari nyeupe inapotea, kingo hazionekani. Nifanyeje?

Mulika mandhari peke yake. Simamisha manila nyeupe nyuma ya glasi, umbali wa nusu mita au zaidi, na uelekeze taa kwenye manila hiyo. Glasi yenyewe isipate taa yoyote ya mbele.

Sasa angalia kingo. Ukingo wa glasi hupinda mwanga kwa nguvu, hivyo hauonyeshi kilicho nyuma yake moja kwa moja bali kilicho pembeni. Kama huko pembeni pia ni kweupe, ukingo unakuwa mweupe na glasi inayeyuka. Kwa hiyo punguza eneo jeupe libaki kubwa kidogo tu kuliko fremu yako, kisha simamisha vipande vya manila nyeusi kushoto na kulia, nje kidogo ya picha. Mara moja utaona mistari myeusi imechora umbo la glasi. Ukivisogeza vipande karibu, mistari inanenepa; ukivipeleka mbali, inakonda. Njia hii inafaa sana kwa bilauri, chupa za maji na vioo vya taa za chemli.

8. Na nikitaka mandhari nyeusi, glasi ing'ae kingo tu?

Geuza mpango wa swali la 7. Nyuma kabisa weka eneo kubwa jeupe lililomulikwa. Mbele yake, bado nyuma ya glasi, simamisha manila nyeusi inayojaza fremu tu na kuzidi kidogo. Mwanga utapita pembezoni mwa manila na kugonga kingo za glasi, zitang'aa huku katikati kukiwa giza.

Manila nyeusi ikiwa kubwa mno, kingo zinazimika. Ikiwa ndogo, weupe unachungulia kwenye picha. Mahameli ni bora kuliko manila kwa weusi wenyewe, kwa sababu manila nyeusi huwa na kijivu chake ikipigwa mwanga. Jiandae pia kwa vumbi: kwenye weusi, kila chembe inaonekana. Soma swali la 16 kabla ya kuanza.

9. Najiona mwenyewe kwenye chupa.

Na wateja wanakuona pia, pamoja na sebule, nguo zilizoanikwa na mtoto aliyekaa mkekani. Hilo ni suala la faragha pia, kwa hiyo kuza picha na uikague kabla ya kuituma.

Dawa yake ni giza upande wa kamera. Chukua manila nyeusi kubwa, toboa tundu la lenzi katikati, uivalishe kamera au simu, na wewe ukae nyuma yake. Vaa nguo nyeusi. Tumia kipima muda cha sekunde 3 au 10, usogee pembeni. Chupa nyembamba ya mviringo itabaki na tundu dogo la lenzi mahali fulani. Doa la ukubwa huo hufutika kirahisi.

## Filta ya polaraiza

10. Si ninunue tu filta ya polaraiza, mambo yaishe?

Filta hii, kioo maalumu kinachovalishwa mbele ya lenzi, inasaidia, lakini inasifiwa kupita uwezo wake. Mwanga unaorudishwa na kioo kwa pembe fulani huwa umepangika upande mmoja, na filta ikizungushwa inauzuia. Kwa kioo cha kawaida pembe hiyo ni takriban digrii 56, ikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya uso wa kioo; kwa maji ni takriban 53. Mwanafizikia wa Uskoti, David Brewster, ndiye aliyeieleza kanuni hiyo mwaka 1815.

Sasa fikiria chupa ya mviringo. Uso wake unageuka geuka, kwa hiyo ni ukanda mmoja tu unaokaa kwenye pembe hiyo. Filta itazima mng'ao hapo na kuuacha kwingine. Na ukikitazama kioo moja kwa moja kwa mbele, kama fremu ya ukutani, filta haifanyi karibu chochote. Pia hula mwanga, kati ya stopu moja na mbili (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu), hivyo stendi inakuwa lazima.

Inapofaa kweli ni kwenye kioo bapa kinachopigwa kwa mshazari: meza ya kioo, dirisha la duka, uso wa maji. Kwa chupa za kuuza, manila na tresing pepa zitakufikisha mbali zaidi kwa bei ya soda.

11. Nilitumia skrini ya kompyuta kama mandhari nyeupe. Nikizungusha filta, skrini inakuwa nyeusi na kifuniko cha plastiki kinatoa rangi za upinde wa mvua!

Mwanga wa skrini za LCD tayari umepangika upande mmoja, kwa hiyo filta inaweza kuuzima wote. Zile rangi ni mikazo iliyogandia ndani ya plastiki ilipotengenezwa, na ndiyo hiyohiyo unayoiona kwenye dirisha la ndege ukiwa na filta. Wapo wanaoipiga kwa makusudi, inapendeza. Kama hukuikusudia, ondoa filta.

## Marashi, asali na vinywaji

12. Asali yangu ni ya dhahabu, lakini kwenye picha ni nyeusi kama lami.

Kimiminika chenye rangi kinahitaji mwanga unaopita ndani yake ukitokea nyuma. Kata kipande cha manila nyeupe kwa umbo la chupa, kidogo kuliko chupa yenyewe, ukifiche nyuma yake kikiwa kimeinama kidogo, kisha kipige taa kutoka juu au pembeni. Kwa asali na mafuta ya udi wengine hutumia karatasi ya dhahabu ya kufungia zawadi. Mimi napendelea nyeupe: dhahabu huongeza rangi ambayo mteja hataikuta ndani ya chupa.

13. Nyuma ya glasi ya maji kuna maandishi, nayo yametokea yamegeuka kushoto kulia.

Glasi ya mviringo iliyojaa maji ni lenzi. Kitu kilicho nyuma kwa umbali wa kutosha hugeuzwa. Kisogeze karibu na glasi mpaka kigeuke tena, au kiondoe.

14. Matone ya baridi kwenye chupa ya soda yanakauka kabla sijamaliza.

Changanya maji na glisirini ya duka la dawa, nusu kwa nusu, unyunyize kwa chupa ya kupulizia. Matone hayo hukaa muda mrefu. Funika lebo kwa karatasi kwanza. Kinywaji chenyewe kinaweza kuwa cha joto la chumba, hakuna atakayejua. Povu likififia, chembe chache za chumvi au sukari huamsha viputo kwa sekunde chache, kwa hiyo kidole kiwe tayari.

Pwani kuna shida ya kinyume: ukitoa chupa kwenye friji Dar es Salaam au Mombasa inavaa ukungu papo hapo, hata kama hukutaka. Piga chupa isiyopozwa.

15. Lebo inang'aa hadi haisomeki.

Hamisha taa iwe pembeni zaidi, hadi taswira yake itoke kwenye lebo. Herufi za dhahabu au fedha ni habari nyingine: hizo hufanya kazi kama kioo cha kujitazama, na zikiona weusi huwa nyeusi. Zioneshe manila nyeupe upande wa mbele, juu ya kamera kidogo. Mara nyingi lebo na chupa haziwezi kupendeza kwa taa moja. Hapo nenda swali la 21.

16. Nasafisha, lakini madoa hayaishi.

Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, kisha suuza tena kwa maji yaliyochujwa vizuri au ya betri yasiyo na asidi, kwa sababu maji ya kisima huacha alama nyeupe za chumvi yakikauka. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba. Gundi ya kibandiko cha bei hutoka kwa mafuta ya kupikia, ukimaliza kwa spiriti. Baada ya hapo shika kwa glavu. Dakika kumi hapa ni nafuu kuliko saa nzima ya kufuta alama za vidole kwenye kompyuta.

## Kioo bapa, miwani na madirisha

17. Nipigeje picha iliyo ndani ya fremu yenye kioo?

Kamera iitazame fremu moja kwa moja. Taa mbili, kila upande moja, kwa pembe ya takriban digrii 45 au kwa mshazari zaidi ya hapo. Mwanga ukigonga kioo unarukia upande wa pili na haurudi kwa kamera. Kisha vaa giza la swali la 9, kwa kuwa sasa kinachobaki ni taswira yako wewe. Kama kioo kinatoka, kitoe. Hakuna mbinu inayoshinda hiyo. Kwa kioo cha kujitazama, simama kidogo pembeni na uamue unataka kionekane kikiakisi nini. Kitu kitaakisiwa tu.

18. Kwenye kabati za makumbusho, au kupitia dirisha la basi?

Uliza kwanza kama picha zinaruhusiwa. Kisha gandisha lenzi kwenye kioo, au karibu kabisa, na zungushia kitambaa cheusi. Hata mtandio unafaa. Flashi imezimwa. Kama huwezi kugusa kioo, tafuta pembe ambayo nyuma yako kuna ukuta wa giza badala ya mlango ulio wazi. Kwenye basi au gari usiiegemeze simu kwa nguvu, kwa sababu mtetemo wa kioo utahamia kwenye picha.

19. Miwani ya mteja inaonyesha taa badala ya macho.

Inua taa juu zaidi, na mwambie ainamishe kidevu kidogo tu. Mikono ya miwani ikiinuliwa kidogo juu ya masikio, lenzi zinatazama chini na mng'ao unapotea. Kutoka mbele haionekani. Kwa picha za pasipoti na viza, soma masharti ya nchi husika: Marekani haikubali miwani kwenye picha za pasipoti tangu Novemba 2016, isipokuwa kwa sababu za kitabibu, kwa hiyo huko hakuna mng'ao wa kupigana nao.

## Hali zisizo za kawaida

20. Glasi za kupulizwa kwa mkono zina viputo na mawimbi. Niyafiche?

Usiyafiche. Vyombo vinavyotengenezwa kwa kioo kilichotumika, kama vile vya Kitengela nje ya Nairobi au vya Shanga jijini Arusha, vinauzwa kwa sababu ya mkono wa fundi unaoonekana ndani yake. Tumia mwanga wa nyuma wa swali la 7, lakini karatasi ya nyuma iwe na mwanga usio sawa, mkali chini na hafifu juu. Viputo vitapata upande wa mwanga na upande wa kivuli.

21. Kuna njia ya kupata lebo nzuri, kingo nzuri na kifuniko kizuri kwa pamoja?

Piga picha kadhaa. Kamera kwenye stendi, chupa isisogee hata kidogo, mipangilio yote iwe imefungwa. Picha moja ya kingo, moja ya lebo, moja ya kifuniko, kila moja na taa yake. Kisha ziunganishe kwa tabaka kwenye Photoshop au programu nyingine yenye tabaka. Picha nyingi za matangazo ya marashi hujengwa hivi, kwa hiyo usijilaumu ukishindwa kuzifikia kwa picha moja.

22. Mrashi wa fedha au kifuniko cha chuma: kanuni ni zilezile?

Karibu. Chuma kitupu hurudisha mwanga mwingi kuliko kioo, hakipitishi chochote, na filta ya polaraiza haiondoi mng'ao wake. Kizungushie tresing pepa pande zote, kama hema, acha tundu la lenzi. Halafu ingiza ukanda mwembamba wa manila nyeusi ndani ya hema, la sivyo fedha itaonekana kama imepakwa chokaa.

23. Picha zangu zina mistari ya giza inayopita kwa mlalo.

Ni balbu ya LED ya bei rahisi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na balbu kama hiyo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, iwe 1/50 au 1/25 ya sekunde, au hamia dirishani.

24. Programu za simu zinazofuta mng'ao zinafaa?

Kwa dirisha, wakati mwingine. Kwa chupa hapana: haziwezi kutofautisha mng'ao unaosumbua na mng'ao unaochora umbo, kwa hiyo hufuta vyote na kubuni kitu kingine. Kwa bidhaa unayouza, hilo linaweza kuishia kwa mteja kukurudishia mzigo.

25. Kwenye simu mng'ao unafifia vizuri, lakini nikituma WhatsApp unakuwa na ngazi ngazi.

WhatsApp hubana picha, na mwanga unaofifia taratibu ndio unaoumia kwanza. Tuma kama hati badala ya picha. Ikibidi ipitie njia ya kawaida, ongeza punje punje kidogo sana kwenye picha kabla ya kuituma. Ngazi hazitaonekana sana.